Mbio Zisizo na Utepe



Leo sina ujumbe mtamu. Nina toba. Niliikosea familia moja nikiwa madhabahuni, na kwa kuwa nilikosea hadharani, nitatubu hadharani. Baba na mama wa nyumba hiyo wameyasoma maneno haya kabla yenu na wameniruhusu kuyaweka hapa. Majina yao nayaacha.

Katika kanisa letu kuna ndugu mmoja wa rika langu, amepita miaka 40, kazi yake ni uhasibu. Mwaka jana alianza kukosa ibada. Jumapili moja, mbili, mwezi mzima. Nilipouliza, shemasi mmoja akanijibu akicheka, "Pasta, huyo siku hizi ni mtu wa baiskeli. Jumapili saa 11 alfajiri yuko Thika Road na kaptura ya kubana."

Kumbe alikuwa akijiandaa kwenda Rubavu, Rwanda. Huko kumekuwa na mashindano ya triathloni tangu mwaka 2022. Mtu anaogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, anatoka majini anapanda baiskeli kilomita 90, anashuka kwenye baiskeli anakimbia kilomita 21.1. Yote siku moja, bila kulala katikati. Na hiyo wanaiita nusu. Ironman kamili ni mara mbili yake.

Mimi nikaona nimepata mfano wa mahubiri. Jumapili iliyofuata nikasema, "Mababu zetu walitembea kwa sababu hawakuwa na nauli. Leo mtu anaacha gari nyumbani, analipa pesa ili achoke!" Kanisa likacheka. Nikaongeza 1 Timotheo 4:8, pale Paulo anapomwambia kijana wake kwamba mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Kanisa likapiga makofi. Nikajiona nimehubiri.

Mkewe alikuwa safu ya mwisho, karibu na mlango, mtoto wao mapajani. Yeye hukaa pale kila mara, kwa sababu mtoto akianza kupiga kelele inabidi atoke naye haraka. Mtoto huyo ana miaka 11. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, na kila anachokula analishwa.

Siku hiyo mama alitoka kabla ya sadaka. Sikumwona. Aliyemwona ni mke wangu, na jioni akaniambia, "Baba, leo umelichekesha kanisa, lakini kuna mama umemliza."

Mpendwa, kabla sijaendelea, nikueleze kidogo mchezo huu, kwa sababu baada ya maneno ya mke wangu nilikaa nikasoma. Nilikuwa nimecheka kitu nisichokijua.

Mwaka 1978, katika kisiwa cha Oahu kule Hawaii, afisa wa jeshi la majini la Marekani aitwaye John Collins, pamoja na mkewe Judy, walitaka kumaliza ubishi wa wanamichezo: nani ana mwili imara zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Wakachukua mashindano matatu yaliyokuwapo kisiwani, wakayaunganisha yawe ya siku moja. Kuogelea baharini kilomita 3.8. Baiskeli kilomita 180. Halafu marathoni nzima, kilomita 42.2. Hebu pima mwenyewe: kilomita 180 ni kutoka Nairobi, uifikie Nakuru na kuipita. Halafu ushuke, ndipo uanze marathoni.

Tarehe 18 Februari 1978 walianza wanaume 15. Walimaliza 12. Hakuna aliyelipwa.

Miaka minne baadaye, Februari 1982, mwanafunzi mmoja aitwaye Julie Moss alikuwa anaongoza mbio za wanawake huko Hawaii. Alikuwa ameingia kwenye mashindano kwa ajili ya utafiti wake wa chuo. Karibu kabisa na mwisho miguu ikamkataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Mwenzake Kathleen McCartney akampita na kushinda kwa sekunde 29. Julie akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akavuka mstari. Televisheni ya Marekani ikaonyesha. Ungedhani watu wangeogopa. Kinyume chake, wengi walioona picha ile walitaka kwenda kujaribu wenyewe. Leo wanaoshiriki Ironman duniani ni maelfu kwa maelfu, wengi wao watu wa ofisini, wazazi, watu ambao hawatashinda kamwe. Wanapewa saa 17 kumaliza. Wa mwisho huingia usiku, na bado kuna watu kando ya barabara wakiwapigia makofi.

Sasa swali langu lilikuwa moja. Kwa nini? Mtu ana kazi, ana nyumba, anatafuta nini kwenye mateso?

Nilimwendea ndugu yetu Jumamosi jioni. Kwanza nikamwomba msamaha. Halafu nikamuuliza swali hilo. Akanyamaza, kisha akasema:

"Pasta, nikwambie ukweli? Nyumbani kwangu mbio hazina utepe. Mtoto akifika miaka 20 nitambeba. Akifika 30 nitambeba, kama bado niko hai. Hakuna daktari anayeweza kunipa tarehe ya mwisho. Lakini nikiwa kwenye baiskeli najua ni kilomita 90. Nikifika 60 najua zimebaki 30. Maumivu yake yana hesabu. Halafu mwishoni kuna mtu ananiita kwa jina na kunivalisha medali. Pasta, hakuna aliyewahi kunivalisha medali kwa kumbadilisha mtoto nepi saa nane usiku."

Nilikosa la kusema. Mimi ni mtu wa chuo cha Biblia, nimefundishwa kujibu. Siku hiyo sikuwa na jibu.

Wapendwa, hapo nilielewa mvuto wa mbio hizi. Mwanadamu hakuumbwa kukimbia tu mateso. Anaweza kubeba mazito, na mara nyingine anatamani kuyabeba, mradi tu yawe na mipaka: ajue yanaanzia wapi, yanaishia wapi, na kwamba kuna mtu anayeona. Mbio ndefu zinampa mambo hayo matatu. Maisha mara nyingi hayampi hata moja.

Basi sisemi tena kwamba watu hawa ni wapumbavu. Paulo mwenyewe alipowaandikia Wakorintho, katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza, alitumia mfano wa wanariadha wanaojinyima kwa ajili ya taji linalonyauka. Wakorintho walimwelewa mara moja, kwa sababu michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo hakuwacheka. Aliona nidhamu yao, akaitumia kuwafundisha watakatifu.

Lakini kulikuwa na swali la pili, na hilo nililiuliza kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu, Jumapili asubuhi ukiwa Thika Road, nani yuko na mtoto?"

Akatazama chini. "Mama yake."

"Na yeye utepe wake uko wapi?"

Hakujibu.

Hapo nilitaka kuanza kumkemea. Nakwambia kweli, andiko lilikuwa tayari mdomoni. Lakini ndani yangu nikasikia swali lingine, na hilo lilikuwa langu: Na wewe mchungaji, kwa miaka 11 umemshika mtoto huyu kwa saa ngapi? Tumemwekea mikono mara nyingi. Tumetangaza uponyaji juu yake. Tumefunga na kukesha. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye kwa saa mbili ili mama yake alale. Na mtoto alipopiga kelele ibadani, tuligeuza shingo, mpaka mama akajifunza kukaa karibu na mlango.

Nikuambie habari moja ya zamani, utaona inahusu nini.

Kule Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Zilianzishwa tarehe 24 Mei 1921 na Vic Clapham, aliyekuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vyake alivipigana huku kwetu. Alitembea kama kilomita 2,700 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania. Aliporudi nyumbani alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa mbio zenye taabu kama ile waliyoipitia. Mwaka ule wa kwanza walianza 34, wakamaliza 16. Siku hizi mtu hupewa saa 12. Saa 12 zikitimia, ofisa huwapa mgongo wanaokuja na kufyatua bunduki. Aliyebaki nyuma, hata kama ni hatua mbili tu, hahesabiwi.

Ni kumbukumbu nzuri. Lakini katika vita vile vile walikuwapo watu wengine. Wapagazi. Waafrika kwa mamia ya maelfu walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, kubeba vyakula na risasi za majeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Hawakujiandikisha. Hakuna aliyewaambia wamebakiza kilomita ngapi. Ukipita Kariokor, Nairobi, kula nyama au kununua kiondo, jina hilo linatokana na kikosi chao cha wapagazi, kama lilivyo la Kariakoo ya Dar es Salaam. Sisi tumebaki na jina la soko tu, na wengi hatujui limetoka wapi.

Tangu hapo ninaona kuna aina mbili za wabebaji. Kuna anayechagua mzigo, akalipa, akapigwa picha. Na kuna anayetwikwa mzigo. Kanisani kwako wa aina ya pili ni wengi kuliko unavyodhani. Mama mwenye mtoto kama huyu. Kijana anayemuuguza baba aliyepooza. Mke ambaye mume wake hatambui tena sura yake. Nyanya anayelea wajukuu watano kwa kuuza mboga. Hawa ndio wanariadha wa masafa marefu, na hakuna anayeweka meza ya maji kwenye njia yao.

Kumbuka Simoni Mkirene, katika Marko 15. Alikuwa anatoka shamba, anapita zake. Askari wakamlazimisha kubeba msalaba. Hakuwa ameomba, hakuwa amejiandaa. Lakini Marko ameandika jina lake, amemtaja kwao, na ametaja hata wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Mungu anawaandika majina wale waliotwikwa. Sisi tumewaandika wapi?

Sasa utaniuliza, Pasta, kwani Biblia haisemi kila mtu abebe mzigo wake? Inasema, Wagalatia 6, mstari wa 5. Lakini rudi mstari wa 2 wa sura hiyo hiyo: tunaambiwa tubebeane mizigo. Kule chuoni mwalimu alitueleza kwamba Paulo hajipingi. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili tofauti. Mstari wa 5 ni ule mfuko wa safari ambao kila msafiri anauweza. Mstari wa 2 ni uzito unaomwelemea mtu.

Mbio zenyewe zinaweza kutufafanulia. Katika Ironman, mwendesha baiskeli haruhusiwi kumfuata mwenzake kwa karibu ili ajifiche upepo nyuma yake. Akifanya hivyo anaadhibiwa. Kila mtu na upepo wake. Huo ni mstari wa 5. Lakini mkumbuke Eliud Kipchoge kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, wengine mbele na wengine nyuma, wakimkinga upepo. Kwa sababu ya msaada kama huo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Lakini Kenya nzima ilishangilia, na hakuna aliyemwambia ni mdhaifu. Huo ni mstari wa 2.

Kosa letu ni kwamba tumewahubiria watu wa Vienna sheria za Ironman. Mama amebeba uzito kwa miaka 11, nasi tunamwambia, "Jipe moyo dada, kila mtu na msalaba wake." Wapendwa, hiyo ni njia ya kiroho ya kumwambia apambane na hali yake.

Tulifanya nini? Si jambo kubwa. Tuliwaita watu wanane, wanaume kwa wanawake. Dada mmoja wa kanisa ambaye ni nesi akawafundisha jinsi ya kumshika mtoto, na jinsi ya kumlisha asipaliwe. Kila Jumamosi wawili wanakwenda kukaa naye saa nne. Fundi wetu akajenga kijia cha mteremko mlangoni mwa kanisa ili kiti cha magurudumu kipite.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vibaya. Vijana walichelewa, mtoto akalia, mama akarudi baada ya dakika 20. Ya pili alikaa chumba cha pili akisikiliza. Ya tatu alilala. Aliniambia alilala mpaka alipoamka hakujua ni siku gani.

Kumbuka Elia, 1 Wafalme 18 na 19. Mtu aliyekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, sura inayofuata yuko chini ya mti anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Huduma ya kwanza ilikuwa chakula na usingizi.

Na ndugu yetu? Hakuacha baiskeli, na mimi sikumwambia aache. Alibadilisha ratiba. Anatoka Jumamosi alfajiri, anarudi mapema, na Jumapili yuko kanisani, mtoto anambeba yeye. Wanakaa safu ya pili. Rubavu alikwenda, akamaliza. Aliporudi akamvalisha mkewe ile medali. Mkewe akacheka, akamwambia aiweke kando kwanza, uji wa mtoto unapoa.

Basi nina maneno matatu.

Kwako unayekimbia na kuendesha: endelea. Mwili ni hekalu, na nidhamu yako inatuaibisha wengi tusioweza hata kupanda ngazi. Lakini jiulize nani amebaki na mzigo wako ukiwa barabarani. Kama utepe wako unanunuliwa kwa usingizi wa mtu mwingine, hiyo medali ni ya nani? Ndugu yetu ndiye aliyenisimulia habari za Dick Hoyt, Mmarekani ambaye mwanawe Rick alikuwa na mtindio wa ubongo. Mwaka 1977 kijana aliomba washiriki mbio za maili tano, na baba akamsukuma kwenye kiti chake. Mwaka 1989 walimaliza Ironman ya Hawaii: baba akiogelea anamvuta kwenye mashua ndogo, kwenye baiskeli amemketisha mbele, kwenye mbio anamsukuma. Si kila nyumba inaweza hayo. Lakini angalia mzee yule alikimbia kuelekea upande gani. Alikimbia na mzigo wake.

Kwako uliyetwikwa: Mungu anaona. Kuchoka si dhambi. Kutamani mwisho si ukosefu wa imani. Hata Elia alitamani. Na mtu akikuuliza, "Nikusaidie nini?" usijibu, "Niombee tu." Mwambie ukweli. Mwambie, "Njoo Jumamosi saa nne."

Kwetu kanisa: tuache kucheka. Waebrania 12 inatuonyesha mashahidi wengi wametuzunguka kama wingu tunapopiga mbio. Kama mbinguni wako kando ya njia, sisi tumekaa wapi? Watu wa Ironman wanasimama barabarani mpaka usiku kumsubiri mgeni wasiyemjua. Sisi tunashindwa kumsubiri mama mmoja amalize kumtuliza mwanawe.

Tuombe. Baba, nisamehe kwa kicheko changu. Tusamehe kwa macho tuliyogeuza. Mwenye mzigo aliouchagua, mpe hekima. Mwenye mzigo aliotwikwa, mpe watu. Na sisi, tupe miguu ya kwenda. Katika jina la Yesu.

Mpendwa, usiandike Amina hapa chini kwanza. Kuna mtu jina lake limekujia ukisoma. Mpigie simu, muulize Jumamosi yuko nyumbani saa ngapi. Ukishamaliza, rudi uandike Amina.

Mchungaji wenu.